Msumari wa Gunhild

Saa tatu asubuhi, Gunhild Ekdahl amesimama mbele ya ubao katika ukumbi wa chuo kikuu, Malmö, nyundo mkononi. Kitabu chake kimeshatobolewa tundu pembeni. Keki iko mezani na watu wanaimezea mate. Yeye anatazama mlango.

Kwa desturi ya vyuo vya Uswidi, tasnifu hupigiliwa msumari ubaoni kabla ya kutetewa. Msumari ukishaingia, kitabu hiki, tasnifu yake ya uzamivu katika masomo ya mwingiliano wa tamaduni na uanuwai itakuwa mali ya umma, na mwezi ujao ataitetea. Amefika hapa akiwa na miaka hamsini na minane, huku akiendesha basi la mjini nusu siku ili kodi ya nyumba ilipwe. "Nikifika kituo cha mwisho nasoma," anasema. "Abiria wananigongea kioo: dereva, shule imeisha, twende!"

Alichotafiti kiko chini ya jengo analoishi: chumba cha kufulia, ambako majirani wa kila asili hupokezana mashine na, mara nyingi, maneno makali. Ugomvi mkubwa ni nyuzi zinazobaki kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia. Asiyezitoa amechokoza vita.

Mkali wao ni Sixten Hallgren, seremala mstaafu wa ghorofa ya pili. Tasnifu haimtaji jina, lakini jengo zima linamjua. Gunhild alimpelekea sehemu inayomhusu kabla ya kuchapisha. Akaridhia kwa neno moja, kisha akaacha kumsalimu. Kwa ujirani wa miaka thelathini, hilo limemkata maini mwanamke huyu. "Shahada nitaipata," anasema. "Jirani je?" Amemwomba aje apigilie msumari. Hajajibiwa.

Zlata Begić, jirani aliyetokea Bosnia, amekuja na sinia la pai ya nyama. "Piga tu, mwenzangu," anamnong'oneza. "Keki inakauka."

Gunhild anapiga. Msumari unapinda.

"Ebo! Unaua nyoka?" Sixten ameingia, na nyundo yake mwenyewe.

"Umekuja!"

"Nilisoma ukurasa mmoja, nikaona umenianika, nikafunga," anasema bila kumtazama. "Juzi huyu Zlata kanikalisha jikoni kwake, kanisomea unaofuata."

Ukurasa huo unaeleza jinsi mkali huyo alivyomwachia jirani zamu zake za kufua, majira mazima ya baridi, mume wa jirani alipokuwa anaugua.

"Sikutaka ijulikane," Sixten ananung'unika.

"Mimi nilitaka," anajibu Zlata. "Mume alikuwa wangu. Nilimwambia Gunhild aandike."

Sixten anapigilia, kitabu kinashika. Ukumbi unalipuka kwa makofi, na Gunhild analia huku akicheka. Ana haki ya kujivuna, na anajivuna.

Akihitimu hataacha basi. Anataka kuwafundisha madereva wapya namna ya kuishi na abiria wa kila aina. Lakini kwanza utetezi, Alhamisi mwezi ujao, na anataka majirani wake wakae mstari wa mbele.

"Alhamisi siwezi," anasema Sixten, akichomeka nyundo mkandani. "Nina zamu ya kufua."

Zlata anamkatia kipande cha pai. "Chukua yangu ya Ijumaa."