Sifuri kati ya Saba

Kama ulitaka ugomvi na Generose, ulimwambia pole. Wakati wa vita vya pili vya Congo watu wa Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, walimwambia pole asubuhi na jioni, na wote aliwapa jibu moja: "Pole ya nini? Nani amekufa?" Alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na mteja aliyemwonea huruma alirudi nyumbani bila ndagala.

Binti yake, Riziki, alikuwa amepanda ndege kwenda Kinshasa kujaribiwa katika timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Hakumaliza hata mwezi huko, vita vikaanza. Waasi wakaikamata Uvira, serikali ikabaki Kinshasa, na katikati hapakupita simu wala barua. Kisha tukasikia kwamba kule Kinshasa watu warefu wenye sura za huku kwetu wanasakwa barabarani, wakidhaniwa ni waasi. Riziki aliinama kuingia kila nyumba ya mtaa wetu, na kwao wanasema Kirundi. Mfanyabiashara mmoja aliyerudi kwa kuzungukia Zambia na Bujumbura alisema ameambiwa kuwa msichana wa Uvira, mcheza kikapu, ni mmoja wa waliouawa. Ameambiwa tu, hakuona kitu. Lakini neno kama hilo likishaingia mtaani halitoki.

Mimi Kasongo nauza vitenge, na duka langu limepakana na nyumba yao. Riziki nilimtazama akicheza kwenye uwanja wa saruji wa parokia tangu alipokuwa mtoto wa miguu mitupu, na sitaficha, alinikasirisha sana. Mpira ukigonga ubao na kurudi, ulikuwa wake. Hata wavulana walichoka kugombania. Lakini akipewa mitupo ya bure, ile ya kusimama peke yako mbele ya kikapu bila mtu wa kukuzuia, mpira ulikwenda popote isipokuwa kikapuni. Mmoja ulivunja taa ya pikipiki ya padri. Baba mdogo wa Riziki, Évariste, alimpigilia pete ya pipa ukutani nyuma ya nyumba, akamsimamia kila jioni arushe. Alirusha mpaka ukuta ukabanduka, na hakuna kilichobadilika. Na viwiko vyake! Mara chache alimaliza mchezo bila kutolewa kwa makosa, na kila alipotolewa aliondoka akibishana kwamba hakumgusa mtu.

Baba mzazi wa Riziki alipofariki, Évariste ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Aliamini kwamba marehemu asiyeliliwa hapati pa kupumzika, na yeye mwenyewe alikuwa hapati usingizi. Alivumilia zaidi ya mwaka, kisha akaamua: kilio kitawekwa, hata bila maiti. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa. Misa ikaombwa. Picha ya Riziki ikawekwa juu ya kiti uani, na ndugu wakateremka kutoka Lemera. Kilichokosekana ni mama kukaa kwenye mkeka na kulia, kwa maana katika ukoo ule mama asipoanza, hakuna anayeanza. Na akishalia, basi. Nguo za binti zinagawanywa, na hakuna anayeruhusiwa kumngojea tena.

Siku ile ya kilio, adhuhuri, Generose aliingia dukani kwangu bila hodi na kukaa nyuma ya marobota ya vitenge.

"Papa Kasongo, unifiche," akasema.

Mwanamke yule, ambaye askari wa waasi walimwogopa sokoni! Kumwona amejikunyata pale, nikaumia moyoni. Pole nilikuwa nimeshajifunza kutoitamka. Nikafanya kile ninachofanya kila adhuhuri: nikawasha redio, sauti chini kabisa. Kusikiliza Kinshasa siku zile kulikuwa kujitafutia matata, lakini kwa habari za michezo mimi nilikuwa tayari kwa matata.

Évariste hakukawia kutufikia. Alisimama mlangoni na koti lake la misa.

"Mama Riziki, watu wako wanangoja. Ukae ku mukeka."

"Shemeji, minye siwezi kulilia mutu mwenye iko muzima."

"Iko muzima wapi? Unionyeshe!"

Ndipo mtangazaji wa Kiswahili aliposema kwamba wanawake wa Congo wamewafunga wa Mozambique katika mashindano ya Afrika, kwa tofauti ya pointi mbili. Nikainua mkono wanyamaze. Akaanza kusoma takwimu za wachezaji, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Akafika nambari kumi na tatu. Riziki.

Generose alisimama. Évariste alishika fremu ya mlango.

"Riziki wako wengi," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. "Kindu wako, Kalemie wako. Hapa Kasenga peke yake wanajaa. Mama, usinitie roho juu bure. Nitaanguka."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Jina ni jina tu.

"Riziki," mtangazaji akaendelea, "pointi nne. Mipira iliyogonga ubao akaidaka, kumi na sita. Katika timu zote mbili hakuna aliyemfikia."

Mimi nikapiga kofi juu ya meza. Évariste akatikisa kichwa. "Hata wengine wanajua kudaka," akasema.

"Makosa matano. Akatolewa."

"Mufu anaweza kufanya makosa matano?" Generose akamuuliza. "Shemeji, unijibu!"

Évariste alikuwa ameinama kuielekea redio, sikio mbele, kama anayesubiri hukumu.

"Mitupo ya bure," akasema mtangazaji, na hapo akasita kidogo, nadhani kwa aibu ya taifa. "Sifuri kati ya saba."

Évariste, mkubwa wa ukoo, akakaa chini juu ya kitenge changu kipya cha bei, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Saba!" akasema. "Hata moja! Ni yeye. Mungu wangu, ni yeye! Minye njo nilimufundisha vile!"

Akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi pia, mtu mzima na kofia yangu kichwani. Wale wa uani walisikia vicheko pale walipotegemea kilio, wakaja mbio wakijaa mlangoni. Évariste akawapigia kelele waondoe ile picha kwenye kiti, na kasiksi isiguswe na mtu mwenye sura ya huzuni. Sikungoja kuombwa: nikapandisha sauti ya redio mpaka mwisho. Waasi wasikie kama wanataka. Congo imeshinda.

Mtangazaji alikuwa bado yupo. Alisema amefurahi, kwa sababu katika timu nzima amempata mchezaji mmoja anayejua Kiswahili, na amemwita kwenye simu. Dada, akamuuliza, makosa matano yametokana na nini?

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi ya mtu aliyetoka kukimbia.

"Makosa gani?" sauti ikafoka. "Minye sikumugusa ule mwanamuke! Alianguka mwenyewe! Mwamuzi iko ananiangalia minye tu, juu niko murefu..."

Generose aliikamata redio kwa mikono miwili akaiinua mpaka usoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni.

"Ulimugusa!" akaipigia kelele, mtaa mzima ukasikia. "Ulimugusa, Riziki! Weye uko muongo, mutoto wangu! Ulimugusa!"