Nilizima Programu, Mlinzi Akaiwasha

Admin, jina langu libaki kwako, maana likitoka tu mimi ni mtu wa kuzikwa. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, nakaa hapa Lubumbashi. Ni fundi wa kompyuta kwenye kiwanda cha kusaga mawe ya shaba upande wa Kipushi. Mwanamke ni mimi peke yangu katika chumba cha seva, na nilikuwa najiona sana. Mlijue hilo kabla hamjanihurumia.

Mkanda unaopeleka mawe kwenye kinu unaongozwa na programu. Programu hiyo ina seva mbili, moja inafanya kazi na ya pili inasubiri. Juu yao kuna programu nyingine ambayo sisi tunaiita mlinzi. Mlinzi akiona programu ya mkanda imekufa kwenye seva ya kwanza, anaiwasha kwenye ya pili bila kumuuliza mtu, na mkanda unaendelea pale ulipoishia. Kwa hiyo ukitaka kuizima kweli, unamwamuru mlinzi aizime yeye. Ukiizima kwa mkono wako, yeye anaona imekufa tu, anaifufua. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu jambo hilo.

Sheria inasema anayeingia chini ya mkanda akate umeme kwenye sanduku na kufunga kufuli lake. Sanduku liko mbali, jua ni kali, na kwetu ikawa mazoea kupiga simu chumbani tuzime programu, basi mtu anaingia. Wakubwa walijua, na hakuna aliyekataza.

Siku hiyo alipiga Ilunga, mdogo wa mume wangu, ambaye nilimwombea kazi mimi mwenyewe. Jiwe lilikuwa limekwama. "Shemeki, zima mbiyo, hii jua iko natuchoma!" Mlinzi alikuwa anachelewa kujibu tangu asubuhi, nami sina subira. Nikaiua programu moja kwa moja. Mkanda ukasimama. Nikamwambia, "Ingia," nikaacha simu wazi mezani, nikamimina chai.

Sikumaliza hata kikombe. Seva ya pili ilikuwa imeamka. Kwenye simu nikasikia mkanda ukianza kuzunguka, kisha Ilunga akalia, mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Mkanda ulimvuta mkono mpaka begani. Walipousimamisha, nyama ilikuwa imebaki kwenye roli, gurudumu linalobeba mkanda. Hospitalini wakaukata mkono wote.

Kando ya mkanda kuna kitufe cha kuwashia, na anayekaa hapo ni Kazadi, mzee mpole wa Kenya, komini mojawapo ya hapa mjini. Mkuu wa zamu akasema, "Kazadi njo alikuwa ku bouton," yaani yeye ndiye aliyekuwa kwenye kitufe. Kila mtu akaamini. Mimi nilikuwa nimekimbilia pale kwenye mkanda, na sikumsahihisha.

Jumapili, tulipotoka misa, mume wangu na ndugu zake wawili wakapanda gari kwenda kwa Kazadi. Nikapanda nao. Nilisema naenda kuwatuliza, lakini uongo. Nilitaka kusikia Kazadi atasema nini. Walimkuta uani anakula na mke wake. Mume wangu alichukua chuma cha kufungulia magurudumu, akampiga mgongoni kabla hajainuka. Sahani ikaruka. Wakamvuta chini, wakamkanyaga mbavu.

"Weye njo ulikata mukono ya ndugu yangu!"

"Miye sikugusa kintu, papa! Uliza Madame, ye njo anajua ile mashini!"

Mume wangu akasimama, chuma mkononi, akanigeukia. Uso ulikuwa na damu, si yake. "Iko nasema kweli?"

Kazadi alikuwa ananiangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nikasema lingine: "Bongo," yaani uongo. "Ni yeye aliwasha."

Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya tofali. Mume wangu alipiga mara nne. Nilisikia mifupa ikivunjika, na kila pigo nilishukuru, Mungu anisamehe, kwamba si mimi. Mke wa Kazadi alipojitupa juu yake walimpiga teke la taya. Majirani wote walitazama. Polisi hawakuitwa.

Sasa Ilunga amelala hospitalini. Juzi aliniuliza, "Shemeki, weye ulizima, ao?" Nikajibu, "Nilizima." Akanishika kwa mkono uliobaki, akaniambia asante.

Mke wa Kazadi amekuja kwangu, taya imefungwa kitambaa, anaongea kwa shida. Vidole vya mume wake havikunji tena. "Mama, sikukuya na kisirani. Sema tu kweli, batuachie roho." Nilimfungia mlango. Maana mume wangu ameapa kwamba siku Ilunga atakapotoka hospitalini watarudi kummaliza Kazadi. Hasemi kwa hasira. Anasema akiwa anakula, na kile chuma amekiosha, kiko nyuma ya mlango wetu wa chumbani.

Mashine imeandika yote: saa, jina langu, amri niliyotoa, halafu mlinzi kuiwasha kwenye seva ya pili. Kitufe cha Kazadi hakimo. Mkurugenzi anataka kumbukumbu hiyo kwenye karatasi, na anayepaswa kuitoa ni mimi. Kufuta ni mistari minne tu. Nimeifungua mara mbili, nikaifunga.

Nikiifuta, Kazadi atauawa kwa ajili yangu. Nikiitoa, chuma kiko hatua tatu kutoka kitanda ninacholala, na mkono unaokishika nimeuona unavyofanya kazi. Leo daktari amesema Ilunga anatoka keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, lakini msikawie. Nifanye nini?