Ukuta wa Mjomba Kioo Usiotaka Matundu

Mjomba wangu ni fundi zege, na kwa kuwa mama hapendi watu wamseme mdogo wake, acha nimseme mimi. Mtaa mzima unamwita Kioo. Jina hilo alipewa kwa kejeli, yeye akalipokea kama zawadi, na siku hizi hata akipokea simu anasema, "Kioo hapa, sema." Sababu ni kwamba zege likishamwagwa na kuanza kushika, hulipaka sementi tupu, kisha hulisugua kwa mwiko wa chuma kutoka pembe hii mpaka ile, akilipuliza vumbi, akilikodolea jicho moja, akirudia, hadi ling'ae kama meza ya hotelini. Vibarua wanakula, wanalala, wanaamka, yeye yuko palepale anasugua. Mambo ya msingi hana haja nayo. Ukimuuliza, anakushangaa wewe: "Sasa la chini nani ataliona?"

Kwetu ni mlimani, na ardhi yenyewe haina adabu. Viwanja vingine ni mwamba mtupu, vingine ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na vyote vimeinama kama watu wanaotafuta kitu walichodondosha. Fundi mwingine akiletwa huku hukuna kichwa. Mjomba hakuni. Anauliza tu sebule mnataka ing'ae kiasi gani.

Kuna mwalimu jirani yetu ambaye kiwanja chake kilikuwa na jiwe kubwa katikati. Mafundi wengine wangeliwashia moto, walimwagie maji baridi, walipige nyundo mpaka lisalimu amri. Mjomba alilimwagia zege juu, akalisugua. Leo sebule ya mwalimu ina kinundu. Alipolalamika aliambiwa, "Mwalimu, hapo nimekutengea pa kuweka televisheni." Na kweli ameiweka hapo, maana kiti hakikai. Muuza duka wa chini yeye alijengewa ngazi za kushukia mteremko, zinang'aa ajabu, ila kila kipandio kina urefu wake. Mama mkwe wake huzishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, akimtaja mjomba kwa maneno ambayo daftari la shule haliyataki.

Kwa hiyo baba alipoamua kukata kilima nyuma ya nyumba ili mama apate chumba cha kushonea, alitaja jina la fundi mwingine. Mama ni fundi cherehani. Miaka yote alishonea sebuleni, na sisi tulizoea kutoa vipande vya uzi kwenye chakula bila hata kukatisha mazungumzo.

"Fundi ninaye. Damu yangu," mama akasema.

"Mke wangu, ndugu yako ni mpakaji poda aliyepotea njia."

"Basi hicho chumba sikitaki."

Baba akashindwa hapohapo. Akaomba jambo moja tu. Kwamba ukuta utakaozuia udongo wa kilima kilichokatwa uwe na matundu chini ya kutolea maji. Karibu na karakana yake ya baiskeli kuna ukuta wa namna hiyo uliolala juu ya banda la kuku, kwa sababu maji ya mvua yalijaa nyuma yake yakakosa pa kutokea. Alikwenda mwenyewe akaleta vipande vya bomba. Mjomba alivitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai.

"Shemeji, unataka ukuta au chujio?"

"Nataka ukuta unaokojoa, shemeji. Wewe mwenyewe ukizuiwa kutwa nzima utacheka?"

Vibarua wakavipanga vile vipande kati ya mbao, wakarundika kokoto nyuma yake, zege likamwagwa, na baba alisimama pale mpaka ndoo ya mwisho. Lakini baba ana kazi, hawezi kuulinda ukuta kama mtoto mchanga. Siku mbao zilipobanduliwa, nilirudi kutoka shule nikakuta ukuta unang'aa juu mpaka chini. Hata tundu la sindano halikuwepo. Pembeni kulikuwa na mabaki ya karatasi za mifuko ya sementi, ambazo mjomba alizikunja na kuzishindilia ndani ya bomba kabla ya kupaka juu.

"Mjomba, matundu yako wapi?"

"Yamo ndani, mpwa wangu. Yamepumzika."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshaona kila kitu. Alinivuta mkono. "Baba yako akikuuliza, sema umetoka shule umechoka."

Baba hakuniuliza. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akainama, akapapasa tena. Kisha akatafuta nyundo. Mama akajisimamisha mbele yake. "Anayegusa ukuta wa mdogo wangu amenigusa mimi." Baba akairudisha nyundo ndani ya sanduku, akaenda kuoga.

Chumba kikajengwa mbele ya huo ukuta, kikiacha kijinjia cha kuanikia nguo, na dirisha likitazamana na zege kwa karibu sana. Mama akaingiza cherehani, akapiga misumari ya kutundikia nguo za wateja, akawa anaimba. Mjomba akapigwa picha akiwa ameuegemea ukuta, mguu mmoja juu ya mwingine.

Halafu mvua zikaanza.

Udongo wa kilimani ukanywa ukalewa. Kwanza ukuta ukatoa unyevunyevu, kisha katikati ukaanza kutokeza. Tukadhani ni macho yetu yanatudanganya. Baba ndiye aliyesema.

"Shemeji, hongera. Naona umeupa mimba."

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli kinachoongezeka kila wiki?"

Ukajitokeza ufa mwembamba kama unywele. Mjomba akafika na ndoo yake, akauziba, akausugua mpaka ukapendeza kuliko mwanzo. Ufa ukarudi na mdogo wake. Akaziba wote wawili. Sijawahi kuona mgonjwa akipakwa poda namna ile. Wakati mlango wa chumba cha mama ulishaanza kugoma kufunga kwa unyevu, yeye alikuwa anatuonyesha jinsi mwanga wa asubuhi unavyocheza juu ya ukuta.

Mama alimwita jikoni mara nyingi, akampa chai, akamsemesha polepole. Niliwasikia kwa sababu jiko letu halina siri.

"Mdogo wangu, tuyazibue tu."

"Dada, utaniaibisha. Ukuta huu ndio picha yangu. Watu wanauona kwenye simu wanasema, Kioo si mchezo."

"Na mimi je?"

"Wewe ni dada yangu, utanivumilia."

Mama akavumilia. Alirudisha sebuleni nguo za wateja, akarudisha vitambaa, mwishowe akarudisha cherehani. Tukaanza tena kula nyuzi. Baba akasogeza kiti chake kuipisha cherehani, na hilo lilimuuma mama kuliko kama angemsema. Kila asubuhi mama aliingia kwenye chumba kitupu, akasimama dirishani, akautazama ule uvimbe. Ungeanguka, ungeanza na hilo dirisha, halafu chumba chote, na yeye ndiye aliyeukingia kifua.

Jumamosi moja, mvua ikiwa imekatika alfajiri, mjomba alikuja na mteja. Alikuwa mama mmoja mnene, muuguzi mstaafu, aliyenunua kiwanja cha mfinyanzi kwenye mteremko mkali. Mjomba alivaa shati jeupe na viatu vya kuchongoka. Kazi ile aliitaka kwa moyo wote.

"Huu hapa, mama. Jiangalie usoni ukitaka."

Muuguzi hakujiangalia. Aliweka kiganja juu ya uvimbe, kama anayepima homa.

"Mbona umevimba?"

"Ni mtindo huo. Ukuta bapa umepitwa na wakati."

"Mwanangu, maisha yangu yote nimefunga watu vidonda. Uvimbe naujua. Huu una usaha." Akamgeukia mama. "Mwenye nyumba, wewe ndiye unayekaa hapa. Nikijengewa kama huu, nitalala usingizi?"

Mjomba akamkazia mama macho. Alikuwa anatabasamu kwa meno ya mbele tu. Mama akamtazama yeye, akatazama dirisha la chumba chake, akaingia ndani. Nikadhani amekimbia. Akarudi na nyundo ya baba na tindo.

"Dada! Dada yangu, unafanya nini?"

 Mama alichuchumaa, akagongagonga chini ya ukuta akitega sikio, tik, tik, tik, mpaka pakaitika sauti tupu. Akaweka tindo, akapiga. Sementi ya kung'arisha ikabanduka kipande kama sahani. Akapiga tena. Karatasi iliyolowa ikatoka, na nyuma yake yakafyatuka maji mekundu kwa nguvu kama yaliyokuwa kifungoni, yakampata mjomba kuanzia magotini mpaka kwenye ncha za viatu. Muuguzi alikuwa ameshasogea pembeni. Kazi yake ilimzoesha.

Baba alitoka mbele ya nyumba na tairi mkononi. Alitazama, akaliweka tairi chini taratibu.

Mjomba alijipangusa magoti. Nitampa sifa yake, hakai chini muda mrefu. "Kama unavyoona, mama," akasema, "hii ndiyo hatua ya mwisho ya kazi. Sisi huzibua mbele ya mteja."

"Ahaa. Basi zibua na mengine, nione."

Mama akamkabidhi tindo. Mjomba akapiga magoti ndani ya tope, na shati lake jeupe, akaanza kuvunja kwa mikono yake kile alichokisugua. Kila kipande kikianguka alisema "aaah," kidogo, kama mtu anayeng'olewa jino. Muuguzi aligeuza ndoo akaikalia. Maji yakatiririka kwenye kijinjia, yakapita ubavuni mwa chumba, yakashuka zake mtaroni kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani kilima kinaweza kubeba.

Alipoinuka kuondoka, muuguzi alimpa mama mkono. "Nikianza kujenga nitamwita huyu fundi," akasema. "Ila wewe nitakuita kwanza."

Ukuta bado una tumbo, na sidhani kama litapungua, lakini limeacha kukua. Alasiri ile mlango wa chumba ulikubali kufunga baada ya baba kuupiga randa kidogo, na mimi naye tukabeba cherehani tukairudisha mahali pake.

Mjomba alikaa kwenye kizingiti, amekunja uso.

"Ungeniambia pembeni, dada."

"Pembeni nimekuambia mvua nzima."

Akajipapasa goti. Suruali yake ilikuwa imechanika gotini, ngozi inachungulia. Mama akamtazama, akamtupia taulo. "Vua. Lete hapa."

Akaketi, akatafuta kitambaa kwenye kikapu, akakanyaga cherehani. Tulisikia ile sauti yake ikitoka chumba cha nyuma na si sebuleni, na baba akainua uso kidogo. Kazi ilipokwisha mama alimrushia suruali yake. Mjomba akaipeleka dirishani, akakigeuza kile kiraka kwenye mwanga, akakipapasa kwa kidole gumba, akauliza kama kikapuni hakukuwa na kitambaa cha rangi inayofanana zaidi.