Televisheni Iliyokula Ng'ombe Zangu

Siku hizi kuna vijana wa kituo cha televisheni cha hapa wilayani wanaopita na kamera wakikusanya historia yao. Walipofika kwangu walisema baba yangu ndiye mwanzilishi, mtu wa kwanza kuleta televisheni huku, enzi za Ujamaa, wakati bara zima, ukiacha visiwani, halina kituo hata kimoja. Walitaka nimsifu. Nikawaambia wazime kwanza hiyo kamera. Mwanzilishi, nyoo.

Baba aliianzisha kwa ng'ombe zangu. Kwetu Wakurya, binti akiolewa, ng'ombe wake wa mahari wanamngoja kaka yake wa tumbo moja, naye aoe kwa hao hao. Si wa baba kuchezea. Mimi niliozwa Nyangoto nikiwa bado mdogo, kwa mwanaume nisiyempenda, na kilichonituliza kilikuwa kimoja tu: kule nyumbani Machochwe, mdogo wangu atamuoa binti aliyemtaka, jirani yetu katika kijiji kipya cha Ujamaa. Nililia, lakini nikaenda.

Basi baba akaenda mnadani mpakani. Huko akaikuta televisheni dukani, inashika kituo cha Kenya, watu wamejazana mlangoni. Akili ikamruka. Akauza nusu ya ng'ombe zangu, akarudi na lile boksi ndani ya gunia la nyasi kama mtu aliyebeba mayai, na betri ya gari juu yake. Hakujiuliza kama mawimbi ya Kenya yanafika Machochwe. Alidhani mawimbi ni kama mvua ya masika, yananyesha kwa kila mtu.

Zikaja chenga tupu. Kijiji kizima kimekaa chini kinatazama chenga, na mwenyekiti anasema hayo ndiyo maendeleo. Mdogo wangu akapandishwa juu ya mlingoti wa mkaratusi, kazi yake kila jioni ikawa kugeuza antena. Laiti isingeonyesha kitu kabisa. Jioni moja ikaonyesha mwanaume mwenye tai anasoma habari, sauti hakuna, kisha akapotea. Ikamtosha baba. Akauza na waliobaki, apate mlingoti wa chuma, mrefu zaidi.

Habari iliponifikia nilifunga safari. Mama alinipokea mzigo. Nikaenda moja kwa moja kwa baba.

"Shikamoo, Tata. Ng'ombe zangu wako wapi?"

"Wamo humo," akasema, akionyesha boksi. "Subiri picha itulie."

"Na mke wa mwanao?"

"Mwanamke hapotei. Hiki kituo kikishika vizuri mji wangu huu utaheshimika. Watamleta wenyewe."

Nikawafuata wazee wa ukoo. Mila wanaijua kuliko mimi, na ng'ombe wale waliwapokea wao kwa mikono yao. Wakanisikiliza, wakatikisa vichwa, halafu mmoja akaniuliza kama baba amesema yule wa tai atarudi lini. Watu wazima hovyo. Nasema hivyo mpaka leo na sitamwomba mtu radhi.

Kabla sijarudi Nyangoto, kwao yule binti walichoka kungoja. Jioni ng'ombe wa mwanaume mwingine, mzee mwenye wake tayari, wakaswagwa mbele ya mji wetu kwenda kwao. Mdogo wangu alikuwa juu ya mlingoti, ameshika antena kwa mikono miwili. Aliwaona kabla yetu sote. Nilimtazama akiwafuata kwa macho mpaka wa mwisho alipoingia katika zizi la kina binti. Nikamwita ateremke, nikamwambia basi, inatosha, shuka mdogo wangu.

Baba hakuinua hata kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye chenga.

"Mura, kijana wangu, usishuke," akasema. "Hapo hapo. Geuza kidogo tu kulia."

Akageuza.