Kiatu cha Kushoto

Ukitafuta mtu wa kuangusha mkaratusi ulioinamia nyumba, hapa Kiptere utaambiwa jina moja tu: Kipkurui. Wengine wana misumeno, wengine wana maneno. Kipkurui hupanda mpaka juu kabisa, akaanza kuukata mti kutoka kichwani, kipande baada ya kipande, na kila kipande kikaenda kulala pale alipokuwa amesema kitalala. Mabati ya watu hayajawahi kupata hata mkwaruzo mkononi mwake.

Miaka yote hiyo alipanda kwa raba, zile za kitambaa zenye soli nyembamba kama chapati ya hotelini. Alisema vidole lazima viusikie mti. Lakini mwaka huu miguu ilianza kumdai. Vijiti vilimchoma, nyayo zikavimba, na jioni mkewe, Chepkemboi, akawa anamkanda kwa maji ya chumvi huku akinung'unika.

"Baba Chelimo, hii miguu ndio inatulisha. Nunua viatu ya maana."

Hakubishana. Alienda Kericho kwenye mitumba na kuchagua viatu jinsi watu wanavyochagua ng'ombe. Alikunja soli, akanusa ngozi, akasimama kwa vidole, akapiga kisigino chini. Akarudi na buti za kahawia, soli yenye meno, shingo ya kushika kifundo cha mguu. Ya kulia ilimkaa kama iliyoshonewa yeye. Ya kushoto ikambana vidole, maana mguu wake wa kushoto ni mkubwa kidogo. Si neno, alijisemea, fundi yupo.

Sasa lazima lisemwe jambo moja kuhusu mdomo wa Kipkurui, na tusichekane, kwa maana kila mtu katika milima hii ana wake. Kwa Wakipsigis wengi, b na p ni watoto wa mama mmoja, hutumwa yeyote aliye karibu. Kipkurui akisema "pado", anamaanisha bado. Akikuambia una "pahati", shukuru Mungu, umepata bahati. Sisi majirani tulishazoea, hata hatusikii tena, na labda hilo ndilo lilikuwa kosa letu.

Fundi wa viatu ni Omariba, mtu wa Kisii, hodari na mpole, anayekaa nje ya kinu cha kusaga mahindi. Siku hiyo kinu kilikuwa kinanguruma na unga umemjaa hadi kwenye kope.

"Fundi, hii ya kushoto inapana," Kipkurui alisema.

"Ni pana?"

"Inapana sana. Hapa mbele, kwa vidole."

"Hiyo ni kazi ndogo. Kuja asubuhi."

Omariba alifanya kazi safi, kama kawaida yake. Alikata soli nene ya ndani, akaigundisha, akajaza na sponji mbele, ili kiatu kilicho pana kisicheze mguuni.

Asubuhi Kipkurui alipita kwa fundi akiwa mbioni. Nelvine, mjane mwenye shamba la chai ng'ambo ya mto, alikuwa na mkaratusi mkubwa uliolalia nyumba yake, na mvua ilikuwa inakuja. Mjane alishawatoa watoto na ndama nyumbani. Kipkurui akasukuma mguu kwenye ile buti ya kushoto ukakataa. Akaingiza mpini wa kijiko nyuma ya kisigino, akasukuma tena, ukaingia. Vidole vikapiga kelele. Aligusa kitu laini ndani akadhani fundi amemwekea godoro.

"Itazoea," alisema Omariba.

"Itazoea," Kipkurui akajibu, akaenda akichechemea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Lakini tusiweke lawama yote kwenye kiatu. Kazi ya kupanda ni ya watu wawili. Aliye juu amefungwa kamba kiunoni, kamba inapita kwenye panda ya tawi juu yake, inashuka hadi chini, inazungushwa kwenye kisiki, na mwisho wake uko mikononi mwa mwenzake. Maneno ya kazi ni matatu. Vuta, mwenzako anaivuta kamba. Legeza, anakupa nafasi. Bana, anaikaza kwenye kisiki isiende popote, maana aliye juu anateleza. Hilo la tatu halisemwi mara mbili. Hakuna nafasi ya kulisema mara mbili.

Kamba ya Kipkurui ilikuwa ikishikwa na Mzee Johana tangu wakiwa vijana. Mgongo wa Johana ulipokataa, nafasi yake ilichukuliwa na Eliakim Oyoo, mtu wa kutoka kule ziwani, aliyekuwa akipakia kuni kwenye kiwanda cha chai. Johana alikuja mwenyewe hadi kwa Kipkurui kumwonya.

"Huyo Oyoo ni mzuri, mikono yake ni ya kazi. Lakini mfundishe maneno na mdomo yako wewe, kabla ya kumpa kamba."

"Kwani hajui Kiswahili?"

"Kiswahili anajua. Hajui yako."

Kipkurui alicheka hadi akakohoa. Sikio la kufa halisikii dawa. Alichofanya ni kumuuliza Oyoo kama anayajua maneno, Oyoo akayataja yote vizuri, vuta, legeza, bana, wakapeana mikono. Yeye Kipkurui hakuyataja.

Kwa Nelvine wingu lilikuwa limekaa upande wa Mau, jeusi, na upepo ulikuwa unakuja na kuacha, unakuja na kuacha. Kipkurui alipanda. Oyoo alizungusha kamba kwenye kisiki, akatazama juu.

"Boss, viatu mpya aje?"

"Pana!" Kipkurui alilia kutoka kwenye matawi. "Pana sana!"

Oyoo, ambaye kwake sh ni s tu, akacheka. "Si ungesika saizi yako!"

Kipkurui alikata kipande cha kwanza, kikaenda kulala kwenye majani ya ng'ombe kama alivyosema. Akakata cha pili. Mguu ulikuwa unawaka, na kila alipopumzika alitukana kidogo, na kila alipotukana neno lilikuwa lile lile. Pana. Oyoo alilizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Nelvine naye, akiwa ametoa viti nje, alianza kutabasamu.

Kisha maumivu yakaisha. Kipkurui alimshukuru Mungu. Alidhani ngozi imekubali, kiatu kimezoea kama fundi alivyosema. Hakujua kwamba mguu umekufa ganzi, na mguu wenye ganzi hausikii mti, hausikii chochote. Kama angekuwa na zile raba zake mbovu angejua.

"Legeza!" akaita.

Oyoo akalegeza. Kipkurui akanyoosha mguu wa kushoto hadi kwenye kisiki cha tawi, akauweka, akaupa uzito wake wote. Ulikuwa umekanyaga gome lililokufa. Gome likabanduka.

"Pana!" alipiga ukelele. "Pana!"

Chini, Oyoo alitikisa kichwa akitabasamu, kamba ikiwa imelegea mikononi.

"Tumesikia, boss! Kesho tunarudisa kwa fundi!"

Hakumaliza kusema. Kamba ilipita viganjani mwake ikaondoka na ngozi. Nelvine alipiga yowe. Kipkurui aligonga tawi moja, akagonga lingine, akaangukia kwenye michai, na michai ndiyo iliyomwachia roho.

Hospitalini buti ya kulia ilitoka yenyewe. Ya kushoto ilikataa, ikabidi daktari aikate kwa mkasi. Vidole vilikuwa vyeusi. Sponji ikaanguka sakafuni, na Chepkemboi akaiokota, akaishika mapajani bila kuelewa ni ya nini. Daktari alisema mfupa wa mguu uliovunjika utaunga, lakini goti lake halitapanda mti tena. Kipkurui aligeukia ukutani akalia mbele ya mkewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Jioni Oyoo aliingia, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amelia njia nzima.

"Boss, nisamehe. Mimi nilisikia unasema kiatu. Ulisema pana."

Kipkurui aligeuka kutoka ukutani. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na alitaka mtu amwelewe.

"Pana," alisema, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuongea. "Oyoo, mimi nilisema pana."