Jicho Lililobaki la Fundi Rejeta

Asubuhi hii mvuke unafuka chini ya boneti ya teksi, na Fundi Rejeta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Kukaa kimya si tabia yake. Leo amejilazimisha, kwa kuwa anayelikagua gari ni mkewe, na wamekubaliana asimsaidie hata kwa neno moja.

"Baba watoto, ukikohoa tu nitajua unanipa jibu," mkewe anamwonya huku akikunja mikono ya ovaroli.

"Mdomo nimeutia kufuli, mama. Endelea."

Jina la Rejeta alipewa na madereva, kwa sababu magari yanayochemsha ndiyo yanayomlisha. Gari la namna hiyo hiyo ndilo lililomharibia maisha. Alifungua mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa, maji ya moto yakamrukia usoni, na jicho la kulia likafa. La kushoto nalo, daktari amemwambia, lina presha, na nuru inayopotea humo hairudi.

"Nilijua kabisa. Hakuna fundi asiyejua," anasema. "Mteja alikuwa na haraka, nikaona haya kumwambia asubiri. Haya ya kijinga!"

Tangu siku hiyo mkewe aliacha cherehani yake nyumbani akaja kuwa macho ya gereji. Wakaweka sharti: mfuniko haufunguliwi mpaka kiganja kitupu kiweze kutulia juu ya mpira wa juu wa rejeta. Madereva wenye haraka zao huenda kwingine. Zamani magari matano kwa siku yalikuwa kawaida. Sasa yakija mawili wanashukuru.

Mkewe anagusa mpira wa juu, anauondoa mkono upesi. Anagusa wa chini.

"Wa juu unaunguza, wa chini umepoa. Maji hayapiti," anasema. "Thamostati, ile vali ya kupitisha maji, imeganda?"

"Ilishatolewa zamani," dereva wa teksi anajibu. "Fundi wangu alisema kwenye joto hili haina kazi, ni ya nchi za barafu."

"Huyo fundi wako angekutolea na breki, maana unaendesha polepole," mkewe anamjibu. "Basi kilichoziba ni rejeta yenyewe."

Rejeta anatabasamu peke yake. Jibu ndilo hilo.

Mkewe anainama kutafuta spana. Dereva, aliyechoka kusubiri, anachukua kitambaa na kushika mfuniko. Mfuniko unalia kidogo.

"Mama watoto, toa mkono!" Rejeta anapiga ukelele, na ndoo inabingirika.

Mkewe anageuka na kuusukuma mkono wa dereva. Mvuke unapuliza kwa hasira, kisha unatulia. Hakuna aliyeungua. Lakini mkewe hamtazami dereva tena, anamtazama mumewe.

"Umeniita mimi. Kwani hukuona ni nani?"

Dereva amevaa shati jeupe, na yuko hatua chache tu kutoka kwenye ndoo.

"Nimesikia mfuniko, nikaona kitu kinasogea," Rejeta anasema. "Nikadhani ni wewe."

"Juzi uliniambia unaona vizuri."

"Nilikuambia hivyo ili upate usingizi."

Inauma kuwatazama. Wanakaa chini bega kwa bega mpaka injini inapoa.

Mchana rejeta inashushwa, na ndani yake yanatoka matope mekundu ya kutu. Mkewe anaizibua, anairudisha, anafunga thamostati mpya na kuwasha gari. Anaachwa afanye yote mwenyewe.

"Mshale wa joto uko wapi?" anauliza akiwa mbele ya injini.

"Katikati," Rejeta anajibu kutoka kiti cha dereva, uso wake ukielekea getini.

Mkewe anakuja kuchungulia. Kweli, uko katikati.

"Umeuona?"

"Nimesikia feni ikiwaka, kisha ikazima. Injini iliyo nzima hupumua hivyo."

Yamebaki mawili ya kumfundisha, Rejeta anasema: mlio wa pampu ya maji inayokufa, na dalili za gasketi iliyoungua. Anataka ayamalize kabla giza halijafika.

"Na nikishajua yote," mkewe anauliza, "wewe utafanya nini?"

Rejeta anashuka garini, anapapasa chini mpaka anaipata ndoo yake, anaipindua, anakaa.

"Nitakuwa hapa," anasema. "Ukisahau mfuniko, sauti bado ninayo."