Rangi ya Kucha Ndani ya Kompyuta

Aibu hii ningekaa nayo kimya mpaka kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya Ruiru wameshaisikia, tena ikiwa imetiwa chumvi (wengine wanasema nilifika na polisi, uongo mtupu, nilifika na Karanja), afadhali niisimulie mwenyewe.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka mingi, na kazi ya stoo inaharibu mtu. Jozi moja ya glavu ikipotea, unaanza kumwangalia kila mtu mikono, hata pasta. Nilipostaafu nikanunua kompyuta ya mezani, nikawa nawachapia majirani ratiba za mazishi na kadi za harusi, mpaka ikaanza kunguruma na kujizima katikati ya kazi. Binti yangu Shiru akasema, "Baba, mpelekee Kelvin, ni vumbi tu." Sasa, Kelvin ndiye kijana aliyetaka kumwoa, na watu wake kutoka Witeithie walikuwa waje Jumamosi hiyo hiyo kuijua nyumba yetu. Ana duka la kutengeneza kompyuta karibu na stesheni, na mafundi wa kompyuta tunawajua: unapeleka mashine ikiwa na RAM mbili, vile vibao vya kumbukumbu, inarudi na moja, na fundi anatabasamu. Nikajiambia, kabla sijampa mtoto wangu, wacha nimpe kwanza kompyuta nimwone.

Alhamisi asubuhi, nyumba ikiwa tupu, nikafungua ubavu wa kasha la CPU, nikachukua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha kwenye meza ya Shiru, nikaanza kutia alama kama zamani stoo. Hard diski, alama. Pawa saplai, alama. Feni iliyo juu ya prosesa, alama. Nikahesabu hata matundu ya nyuma, sita ya USB, moja la bluu la waya wa skrini, moja la intaneti, matatu madogo ya spika na maikrofoni, nikaandika kwenye karatasi (usiniulize mtu anaibaje tundu). RAM ndizo zilizonisumbua. Nikipaka juu, mwizi mjanja ataona na kuipaka nyingine vile vile, kwa hiyo nikazichomoa zote mbili, nikayapaka yale meno ya dhahabu yanayoingia ndani ya bodi, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kuangalia, nikazirudisha mpaka zikalia tak. Nilijiona mjanja sana. Wala sikuiwasha kujaribu, nikampelekea Kelvin mwenyewe.

Saa tano akapiga simu. "Baba Shiru, habari? Hii mashine haiwaki kabisa, inapiga bip bip tu. Ilikuwa hivyo nyumbani?"

"Ilikuwa inawaka!" nikasema, na moyoni nikasema, haya, imeanza.

Nikampitia Karanja, tuliyefanya naye kazi stoo, awe shahidi. Njiani alinisihi niongee polepole kwa sababu huyo ni mtu wa karibu kuwa mkwe, nami nikamwambia ndiyo sababu nina haraka. Tulipofika tukakuta mashine inawaka vizuri, kimya, skrini inang'aa, na Kelvin anafuta kibodi yangu kwa kitambaa. Mtu mwingine angesema asante. Mimi nikaona kwamba dakika arobaini zilizopita ilikuwa imekufa na sasa ni nzima, na ufufuo wa namna hiyo nikauona una maelezo yake.

"Fungua," nikasema.

"Sawa, mzee." Akaizima, akafungua, akachomoa RAM moja, akanipa mkononi. Meno yalikuwa safi, ya dhahabu tupu. Akanipa ya pili, safi pia. Nikapaza sauti mpaka akina mama wa mboga ng'ambo ya barabara wakaacha kupanga nyanya: "Umebadilisha! Hizi si zangu! Na unataka kuniolea mtoto, mwizi wewe!"

Duka likajaa. Kelvin hakupaza sauti. Alichukua pamba kwenye meza, ina madoa mekundu, akasema taratibu, "Nilikuta kitu chekundu kwenye meno, ndiyo sababu haikuwa ikiwaka. Nikasafisha na spiriti. Nilidhani ni mtoto wa jirani alichezea, sikutaka kukuuliza kwa simu."

Wakati huo Shiru alikuwa ameingia, amemletea chakula cha mchana. Aliiangalia pamba, kisha akaniangalia kidole gumba, nami nikakitazama pia. Kucha yote ilikuwa nyekundu.

"Hiyo ni rangi yangu," akasema. "Ngai, Baba."

Karanja akakumbuka ghafla ana safari. Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia kuta. Shiru hakucheka. Alisema, "Wasipokuja Jumamosi, hata mimi hutanipata hapo nyumbani," akatoka. Na mimi (hapa ndipo naona haya zaidi) sikuomba msamaha. Nilikohoa, nikauliza kama feni imepulizwa, nikabeba CPU yangu nikaenda.

Siku mbili Shiru hakunisemesha. Jumamosi walikuja. Walikula, wakaongea mambo ya mvua na barabara, hakuna aliyetaja kompyuta, nikaanza kupumua. Walipoinuka kuondoka, mjomba wa Kelvin akasimama mlangoni, akainua mikono juu, akasema, "Baba Shiru, tupekue kwanza, usije ukahesabu vijiko tukishaenda."

Walicheka wote, hata mke wangu, isipokuwa Shiru na Kelvin. Yule kijana alikuwa anaangalia viatu vyake. Hapo ndipo iliniuma kweli, kwa sababu aliona haya kwa niaba yangu, na ilikuwa mara ya pili ananisitiri; ya kwanza alifuta ile rangi bila kuniuliza. Nikasema mbele yao wote, "Kelvin, nilikuita mwizi na hukuiba. Nisamehe." Akanipa mkono, na Shiru akachukua sweta akawasindikiza.

Nimeapa, kompyuta ikisumbua tena naiacha kwa Kelvin, naondoka bila kuhesabu chochote. Ilisumbua mwezi uliopita, nikafanya hivyo hivyo, nikafika mpaka mlangoni bila kugeuka. Kisha niligeuka, kidogo tu, naye akanipungia mkono.